Vaa ndala kwanza

Najua nimeadimika. Mambo ya chumba cha habari mnayajua, lakini safari hii kuna sababu nyingine: wiki mbili zilizopita siku yangu ya mapumziko iliishia jikoni kwa dada yangu, nimepiga magoti, kichwa kikiwa ndani ya oveni. Msishtuke, ilikuwa imechomolewa kwenye umeme. Na sisemi imezimwa, nasema imechomolewa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Nianze mwanzo. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi kwake hapa Tabata, anaoka keki. Zamani alikuwa anaoka kwa kujifurahisha. Ofisi yake ilipopunguza wafanyakazi, kujifurahisha kukageuka kuwa ajira. Keki za kipaimara, za harusi, za siku ya kuzaliwa, ndizo zinazolipa ada ya mtoto na umeme wa nyumba. Jiko lake ni lile ambalo wengi wetu tunalo au tunalitamani: juu plate nne za gesi, chini oveni ya umeme. Alilinunua mtumba, kutoka kwa watu wanaoshusha kontena la vitu vya Ulaya.

Sasa Alhamisi moja, akiwa na keki ya kipaimara ya kukabidhi Jumamosi, keki ikatoka juu imeungua na chini ni uji. Akajaribu ya pili, hali ile ile. Taa ya oveni inawaka, koili ya juu nyekundu, ya chini baridi kama sakafu. Akaita fundi. Fundi akaja, akazungusha vitufe, akagonga ubavu wa jiko mara mbili, hakufungua hata skrubu moja, kisha akatoa hukumu: "Dada, hili limekufa. Kontroli yake hapa Bongo huipati. Mimi nikupe elfu 80 nilibebe, nikatoe spea."

Dada akaniangalia. Nikaona anaanza kukubali. Na wakati huo huo mtoto wake, mpwa wangu wa miaka 4, akaingia mbio kutoka uani, miguu mitupu, akielekea kulekule jikoni. Dada akapiga ukelele ambao nimeusikia kila siku kwa miaka miwili niliyoishi pale: "Vaa ndala kwanza!"

Ndugu zangu, siku hiyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kile ambacho masikio yangu yalikuwa yanasikia siku zote. Kwa nini mtu avae ndala ili asogelee jiko? Kwa sababu jiko linapiga shoti. Ukilishika na miguu mitupu linakutekenya, siku za mvua linakuuma kabisa. Sisi sote nyumbani tunajua. Mgeni akija kusaidia kupika anaambiwa. Kuna pea ya ndala za bluu inakaa palepale mlangoni kwa kazi hiyo tu. Mimi mwenyewe, mwenye shahada yangu ya uandishi wa habari na alama B ya fizikia ya kidato cha nne, nimezivaa ndala hizo miaka miwili na sikuwahi kuuliza swali. Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kuuliza maswali.

Sidhani kama ni kwetu tu. Jiulize wewe msomaji: friji ya nyumbani kwenu haitekenyi? Pasi je? Ile hita ya maji ya bafuni ambayo mpangaji mwenzako alikuonya usiguse bomba wakati inawaka? Tumejenga utaratibu mzima wa maisha wa kukwepa kitu kibovu badala ya kukifungua tukakiangalia. Hoja yangu leo ni hiyo tu. Ndala si matengenezo.

Nikampigia rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari. Baada ya kidato cha nne yeye alikwenda VETA kusomea umeme, mimi nikaendelea hadi chuo kikuu, na nakiri kwamba wakati ule nilimwonea huruma. Leo yeye ana leseni ya EWURA ya kufunga umeme majumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu kuomba msaada. Alikuwa saiti Kigamboni, akasema hawezi kufika kabla ya Jumapili. "Lakini kubadilisha koili sio kazi ya kunisubiri mimi," akaniambia. "Funga mtungi wa gesi, chomoa jiko, subiri lipoe, fungua. Ukikwama nipigie. Ila kitu kimoja: usiguse kitu kabla hujachomoa."

Nikamwambia umeme wenyewe hata hivyo umekatika mtaa mzima, hivyo hakuna hatari. Akanifokea kwenye simu mpaka dada akasikia. Umeme uliokatika, alisema, hurudi bila kubisha hodi. Na Luku ikiisha sio kwamba umezima umeme, kwa sababu mtu mwingine ndani ya nyumba anaweza kununua yuniti kwa simu akaziingiza wakati wewe umeshika waya. Na kitufe cha oveni chenyewe kinakata waya mmoja tu. Kama waya za soketi zimebadilishana nafasi, jambo ambalo yeye hulikuta mara kwa mara, kitufe kimezimwa lakini koili bado ina umeme. Kwa hiyo plagi itoke ukutani, ikae mahali unapoiona kwa macho yako. Kama jiko lako halina plagi bali limeunganishwa moja kwa moja ukutani, zima swichi kubwa ya nyumba, kisha hakikisha kwa testa ambayo umeijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme. Nimeandika haya yote kwa sababu mimi nilikuwa nafahamu mambo yote matatu kinyume.

Basi tukachomoa. Hapa ndipo tulipokutana na kitu cha kwanza cha aibu, lakini nitakirudia baadaye.

Nikatoa nyavu za oveni, nikatoa trei, nikabandua foili aliyokuwa ametandika dada chini ili mafuta yasichafue. Chini ya bati la sakafu ya oveni ndipo koili ya chini inapokaa. Nikafungua skrubu za bati, nikaliinua, na koili ikaonekana. Hapo hakuhitajika profesa. Bomba lilikuwa limepasuka, kuna tundu lenye kingo zilizoyeyuka, na unga mweupe umemwagika. Kontroli ya fundi wetu ilikuwa nzima kabisa.

Koili ya oveni, wengine huiita hita, ni kitu rahisi kuliko sura yake. Lile bomba lililojikunja silo lenyewe linalotengeneza joto. Katikati yake kuna waya mwembamba uliosokotwa kama springi, wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh alipata hataza yake mwaka 1906. Waya huu unaweza kuwa mwekundu kwa joto kwa maelfu ya saa bila kuungua, kwa sababu kromiamu hutengeneza ngozi nyembamba inayouzuia usiliwe na hewa. Kati ya waya na bomba pameshindiliwa unga wa oksidi ya magnesiamu. Unga huo una tabia adimu sana: unapitisha joto vizuri, lakini umeme haupitishi. Joto linatoka nje, umeme unabaki ndani. Ndiyo maana koili nzima unaweza kuipikia keki bila nyumba kulipuka.

Lakini bomba likipata ufa, tuseme kwa kuchoka na kupanuka na kusinyaa kila siku, au kwa sukari na mafuta yaliyomwagikia na kuungulia hapo, au kwa foili inayorudisha joto chini badala ya kuliacha lipande, unga ule hunyonya unyevu. Ukishanyonya unyevu huanza kupitisha umeme, kidogo kidogo, kutoka kwenye waya kwenda kwenye bomba, na kutoka kwenye bomba kwenda kwenye bodi ya jiko. Siku za mvua zaidi.

Mmeona mambo hayo? Jiko lile halikufa Alhamisi. Lilikuwa linaumwa muda mrefu na lilikuwa linatuambia. Kila lilipotutekenya lilikuwa linasema koili ina ufa, fungueni muone. Na sisi jibu letu lilikuwa ndala.

Nikapiga picha za nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, ushauri ambao nawapa bure na una thamani kuliko vyote. Koili ilikuwa imeshikwa nyuma na skrubu mbili za nyota. Nikazifungua, nikaivuta taratibu mpaka zikatokeza nyaya mbili zilizochomekwa kwenye ncha zake. Hapo usivute kwa pupa, kwa sababu nyaya zikirudi ndani itabidi uligeuze jiko na kufungua bati la nyuma. Nikazichomoa kwa koleo, nikishika kichwa cha chuma na sio waya wenyewe.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kariakoo na koili mfukoni mwa begi. Nilidhani nitazunguka siku nzima. Duka la nne wakanitolea. Lakini kabla ya hapo, duka la pili kijana aliniuzia maneno: "Chukua hii kaka, zote ni sawa, koili ni koili." Ilikuwa inalingana kwa umbo kabisa. Nikaigeuza nikasoma maandishi kwenye bati lake: volti 120, wati 1,200. Ya kwetu iliandikwa volti 230, wati 1,200.

Sasa hapa ile B yangu ya fizikia ikaamka kutoka usingizini. Mnakumbuka? Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Tulilikariri kwa ajili ya mtihani wa taifa. Koili ya wati 1,200 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 44 hivi na inakula ampea 5 na ushee. Koili ya wati 1,200 kwa volti 120 ina omu 12 tu. Ichomeke kwenye volti 230 za kwetu, itataka kutoa wati zaidi ya 4,400 na kuvuta ampea 19, kwenye nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya ampea 5. Hapo ukiwa na bahati inakatika sakiti breka. Usipokuwa na bahati unaita zimamoto. Nilisimama pale katikati ya makelele ya Kariakoo nikipiga hesabu kwenye simu, na ninawaambia kweli, katika maisha yangu yote lile somo halijawahi kunilipa kama lilivyonilipa dakika ile.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha volti kwanza, halafu wati, halafu urefu, mkunjo, na umbali wa matundu ya skrubu. Usikubali wati nyingi zaidi eti ili oveni iwe na nguvu. Na ukiweza mwombe muuzaji aipime kwa mita mbele yako. Ncha kwa ncha, mita isome omu zinazolingana na hesabu yako. Ncha kwa bomba, mita isisome njia yoyote. Ikisoma, basi umeme utavuja, rudisha. Mimi nililipa shilingi 30,000. Jiko jipya la aina ile dada alikuwa ameshaanza kulitolea hesabu ya laki 9.

Kurudisha koili ni kufanya yale yale kwa kurudi nyuma. Kichwa kimoja cha waya kilikuwa kimeungua na kulegea. Rafiki yangu akaniambia kwa simu nisikirudishe hivyo, kwa sababu kiungio kilicholegea hutengeneza joto lake chenyewe mpaka kiungue tena, na nisije nikathubutu kuzungushia tepu, maana ndani ya oveni tepu ni mafuta ya taa. Kichwa kipya cha chuma cha kubana, shilingi mia tano. Nikafunga bati. Dada amesimama nyuma yangu muda wote na tochi ya simu, akisema, "Mdogo wangu, wewe ni mwandishi wa habari, usije ukawa habari."

Nilikuwa tayari kuchomeka. Na hapa ndipo narudi kwenye ile aibu.

Plagi ya jiko la dada ni ile ya Ulaya bara, ya duara, miguu miwili minene. Wajerumani wanaiita Schuko, kifupi cha maneno yao ya "mguso wa kinga", kwa sababu ubavuni ina vipande viwili vya chuma ambavyo kwenye soketi za kwao hugusana na waya wa eathi. Soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu ya mstatili. Tundu la juu, la eathi, lina kazi mbili: kupokea mguu wa eathi, na kufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mengine mawili ili mtoto asichomeke kijiti. Sasa plagi ya duara haina mguu wa kufungulia. Mnajua Wabongo tunafanyaje. Tunachukua kalamu ya biki, tunachomeka kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunasukuma plagi, kazi imekwisha. Nimefanya hivyo mara mia. Kalamu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa nimeishika ile plagi mkononi nikaelewa kile nilichokuwa nafanya. Vile vyuma vya ubavuni havikugusa kitu. Jiko lilikuwa na waya wa eathi mzima, rangi ya kijani na njano, kutoka kiwandani mpaka kwenye plagi, na pale kwenye plagi safari yake inaishia hewani. Kazi ya waya ule ni kuupa umeme uliopotea njia nyepesi ya kwenda ardhini. Ukikosekana, umeme unakaa kwenye bodi ya jiko unasubiri njia nyingine. Njia hiyo ni wewe. Au mtoto wa miaka 4 aliyetoka kuchezea maji uani.

Na msiniambie kwamba sakiti breka ipo. Mimi pia nilidhani hivyo. Sakiti breka ya ampea 20 kazi yake ni kuzuia nyaya zisiungue, nayo haina habari mpaka umeme upite ampea 20. Kinachoweza kuusimamisha moyo wa binadamu ni kidogo mno kuliko hapo. Kifaa kinachomlinda mtu, kile mafundi wanachokiita RCD, kwa kawaida huwekwa kikate umeme ukivuja miliampea 30. Gawanya mwenyewe: ampea 20 ni zaidi ya mara 600 ya hizo. Yaani mtu anaweza kufa ameganda kwenye jiko huku breka ikiendelea na kazi yake kwa amani, kwa sababu kwa upande wake hakuna tatizo lolote.

Nikasita. Ningeweza kuchomeka kwa kalamu, keki ikaokwa, koili mpya haivuji, hakuna ambaye angetekenywa kwa mwaka au miwili. Dada alikuwa na keki ya watu. Nakiri tulitazamana. Kisha nikatoka nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikanunua plagi ya miguu mitatu ya ampea 13, nikakata ile ya duara, nikafunga nyaya tatu kila mmoja mahali pake: kahawia kwenye upande wa fyuzi, bluu kwenye nyutro, kijani na njano juu kwenye eathi. Gharama yake ni ndogo kuliko sahani ya chipsi kuku. Tukawasha kwanza tupu, nyuzi 180, madirisha wazi, kwa sababu koili mpya hutoa moshi kidogo wa mafuta ya kiwandani. Ijumaa usiku saa nne keki ilitoka, chini kahawia kama inavyotakiwa.

Jumapili rafiki yangu alikuja na mita yake. Akakagua kazi yangu, akakaza skrubu moja. Halafu akaenda nje nyuma ya nyumba kutafuta ile nguzo ya shaba inayochimbiwa ardhini, ambako waya wa eathi wa nyumba nzima unaishia. Nguzo ilikuwepo. Waya ulikuwa umekatwa. Shaba, wadau, inauzwa kwa kilo. Hatujui ulikatwa lini. Kwa hiyo hata ningekuwa na plagi sahihi tangu siku ya kwanza, eathi yetu ilikuwa inakwenda mpaka ukutani na kuishia hapo. Na soketi zote za nyumba hali ni hiyo hiyo, friji, pasi, kompyuta yangu hii ninayoandikia.

Hilo sikuligusa mimi. Hapo ndipo mpaka wangu ulipoishia, na nadhani kujua mpaka wako ni nusu ya ufundi. Koili, ambayo nimeichomoa na ninaiona yote, naiweza. Nyaya za nyumba, ambazo siwezi kuziona zote na zinahitaji vipimo, ni za mwenye leseni. Alifunga waya mpya, akapima, akafunga RCD, na dada akampigia mwenye nyumba ili gharama zikatwe kwenye kodi. Mwenye nyumba alisema, na ninamnukuu, "Mbona miaka yote mlikuwa mnakaa vizuri tu?" Mazungumzo bado yanaendelea.

Najua kuna atakayesema: wewe una kazi yako, ukianza kujitengenezea kila kitu, mafundi wale nini? Ni swali la haki. Lakini angalia nani alikula nini katika habari hii. Yule fundi wa kwanza alitaka kula ujinga wetu, elfu 80 kwa jiko la laki 9 lililohitaji kipande cha elfu 30. Yule wa pili alilipwa vizuri kwa kazi ambayo tusingejua hata kumwita aifanye. Mteja anayejua kidogo hamnyimi fundi mzuri riziki, anamtofautisha tu na tapeli. Kama vile msomaji anayejua kidogo anavyotutofautisha sisi waandishi.

Na kuna sisi wenyewe, tuliosoma. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isimtenge kijana na kazi ya mikono. Tulijibu swali hilo kwenye mtihani wa uraia, tukapata alama, tukaondoka. Matokeo yake ni mimi: mtu anayeweza kukokotoa ukinzani wa koili kwenye karatasi, lakini akivaa ndala kwa miaka miwili mbele ya koili yenyewe. Kusema "mimi sio fundi" tumekugeuza kuwa heshima, kana kwamba kutojua kinachopita ndani ya ukuta wa chumba unacholala ni dalili ya maendeleo.

Na nikitoka jikoni, naiona ndala kila mahali. Daladala ina mlango mbovu, konda anafunga kamba, tunaambiana usiegemee. Ngazi za ofisi zimekatika moja, tunaambiana ruka ile ya tatu. Tunapeana maonyo kwa upendo mkubwa, na hakuna anayetengeneza. Tunafundishana kuishi na ubovu mpaka ubovu unakuwa mila, na mgeni anayeuliza anaonekana msumbufu.

Basi leo usiku, kabla hujalala, nenda kaangalie plagi za nyumbani kwenu. Ukikuta ya miguu miwili kwenye friji, jiko, pasi ya chuma au mashine ya kufulia, na kalamu iko karibu, unajua la kufanya. Toka nje, tafuta ile nguzo ya shaba, uone kama waya bado upo. Kama kuna kitu kinakutekenya, kichomoe kwanza, halafu ndipo uanze kuuliza maswali.

Kwetu ndala za bluu bado ziko mlangoni. Juzi nilimkuta mpwa wangu amesimama mbele ya jiko, miguu mitupu, mkono uko hewani, haugusi. Nikamwambia gusa tu mjomba, limepona. Akanitazama kama naongea Kichina. Kisha akageuka, akaenda kuzivaa kwanza.